Kansa ya watoto: Je, mwanafunzi wa Kasigau aweza kuichunguza likizoni?

Barua nyingi zinazofika kwenye ukurasa huu huuliza juu ya presha, sukari na maumivu ya mgongo. Niliyoipata majuzi ilikuwa tofauti. Imeandikwa na msichana wa Kasigau, kule ndani ukiacha barabara ya Mombasa pale Maungu, ambaye amemaliza kidato cha nne na anangoja kuitwa chuo kikuu. Anasema amesikia kwamba huko Marekani wanafunzi hulipwa wakati wa likizo ili wafanye utafiti wa kansa ya watoto. Anauliza mambo mawili: kama habari hizo ni za kweli, na kama mtu wa kwao anaweza kupata nafasi kama hiyo.

Habari ni za kweli. Nchini humo vyuo hufungwa kuanzia Mei au Juni hadi Agosti, ambayo ni majira yao ya joto. Kwa muda wa wiki 8 hadi 10 hivi, mwanafunzi anayetaka kuwa daktari au mwanasayansi huchukuliwa katika maabara au wodi ya watoto wanaougua kansa. Hupewa msimamizi, swali moja dogo la kujibu, na posho ya kumwezesha kula na kulala. Mwishoni husimama mbele ya wakubwa wake akaeleza alichokipata. Hospitali ya St. Jude iliyoko Memphis, ambayo ilifunguliwa mwaka wa 1962 kwa ajili ya watoto, ina mpango wa namna hiyo. Wakfu uitwao Alex's Lemonade Stand nao hutoa ruzuku kwa wanafunzi wa kazi hiyo hiyo.

Asili ya wakfu huo inafaa kusimuliwa. Alexandra Scott alikuwa mtoto mwenye kansa iitwayo nyuroblastoma, inayoanzia katika chembe changa za mishipa ya fahamu. Mwaka wa 2000, akiwa na umri wa miaka 4, aliweka meza mbele ya nyumba yao akauza maji ya ndimu ili awape madaktari pesa za utafiti. Alifariki mwaka wa 2004 akiwa na miaka 8. Wakati huo watu waliokuwa wamemwiga walikuwa wamechanga karibu dola milioni moja. Sehemu ya fedha zilizofuata huwalipa wanafunzi hadi leo.

Hapo ndipo habari njema inapokwisha kwa mwombaji wa Taita Taveta. Nafasi nyingi za likizo huko Marekani zimewekewa wanafunzi ambao tayari wanasoma katika vyuo vya huko, au walio na kibali cha kufanya kazi nchini humo. Msichana aliye Rukanga au Bungule atajaza fomu zote na bado atakataliwa kwenye mstari wa kwanza. Na kwa vile nimeyataja haya gazetini, naonya mapema: mpango wa kweli haumtozi mwanafunzi ada ya kuomba kupitia simu ya mtu fulani mjini. Ukiambiwa utume pesa ili "ufunguliwe faili", jua kwamba faili linalofunguliwa ni mfuko wako.

Lakini swali la pili la barua ile halikomei kwenye fomu za Marekani. Mengi ambayo dunia inayajua juu ya kansa ya watoto yalianzia huku kwetu Afrika Mashariki, na yalianza kwa mtu kuhesabu wagonjwa na kuuliza wanatoka wapi. Kazi hiyo haijaisha. Tena haihitaji pasipoti.

PAUNI 25 NA GARI KUUKUU

Mwaka wa 1957 daktari mmoja wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Hugh Trowell, alimwita mwenzake Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume aliyevimba mataya pande zote mbili. Burkitt alikuwa mpasuaji, mzaliwa wa Ireland, na alikuwa na jicho moja tu. La pili alilipoteza utotoni. Hakujua ugonjwa ule ulikuwa nini. Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama huo huo, na alipompapasa tumbo akakuta uvimbe mwingine ndani. Watoto wawili, miji miwili, sura moja. Alirudi Mulago akaanza kufukua mafaili ya zamani, na mwaka wa 1958 akaandika makala yake ya kwanza juu ya ugonjwa huo.

Kisha akataka kujua unapatikana wapi na wapi haupatikani. Kwa ruzuku ya pauni 25 hivi alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto waliovimba, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika: je, mmewahi kuona hili? Majibu yaliporudi alibandika alama kwenye ramani iliyokuwa ukutani.

Mwezi wa Oktoba 1961 alitoka Kampala kwa gari aina ya Ford la mwaka wa 1954, lililonunuliwa kuukuu, pamoja na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson. Walisafiri wiki 10 na maili 10,000, ambazo ni kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi. Walisimama katika hospitali moja baada ya nyingine wakiuliza swali lile lile. Walichokiona ni kwamba karibu na ikweta ugonjwa hupotea ukipanda juu ya futi 5,000 hivi, na kadiri unavyokwenda kusini ndivyo unavyopotea katika miinuko ya chini zaidi. Kwa hiyo hoja haikuwa urefu wa mlima. Ilikuwa joto. Na penye ukame mkali pia ugonjwa ulikuwa adimu. Joto na mvua pamoja vilifanana mno na ramani ya mbu.

Msomaji wa Voi atanielewa upesi, kwa sababu wilaya zetu za zamani za Taita na Taveta ni kama ramani hiyo iliyokunjwa ndogo. Taveta ina chemchemi, mito na mbu. Kati ya mwaka wa 1954 na 1959 eneo la Taveta na la Pare, ng'ambo ya mpaka, lilinyunyiziwa dawa ya dieldrin nyumba kwa nyumba katika mradi mkubwa wa majaribio ya kupambana na malaria. Malaria ilipungua sana, kisha dawa ilipositishwa ikaanza kurejea polepole. Wundanyi ni baridi. Na Mlima Kasigau wenyewe una urefu wa mita 1,641, maana yake ule mstari wa Burkitt wa futi 5,000 unapita chini kidogo tu ya kilele, ilhali vijiji viko chini kabisa, katika nchi kavu ya tembo na miiba. Wazee wa Kasigau hawahitaji daktari kuwaeleza maana ya kutolewa nchi kavu na kupelekwa penye mbu. Mwaka wa 1915, baada ya Wajerumani kuuteka mlima katika Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwahamishia watu wao Malindi kwa kuwashuku kuwa waliwasaidia adui. Wengi hawakurudi; magonjwa yaliwamalizia huko.

JINA LA MWANAFUNZI KATIKA KIRUSI

Mwezi Machi 1961, kabla ya safari ile ya Ford, Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa waliohudhuria alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Aliposikia kwamba kansa hii inafuata joto na mvua, aliwaza kuwa huenda kuna kirusi ndani yake. Wakapatana Burkitt awe akimtumia vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakuona kitu. Kisha mwezi Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ikashindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, ikapelekwa Manchester. Kipande kilipofika kwake kilikuwa kimechelewa, na maji yake yamechafuka kama yaliyoingiwa na vijidudu. Mtu mwingine angekitupa. Yeye aliweka tone chini ya hadubini, akaona kwamba uchafu ule haukuwa vijidudu bali chembe za kansa zilizojitenga na kuelea, ziko hai. Kutokana na chembe za namna hiyo, mwanzoni mwa mwaka wa 1964, hadubini ya elektroni ilionyesha kirusi ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na kansa ya binadamu.

Kirusi hicho leo kinaitwa Epstein-Barr. Barr ni Yvonne Barr, msaidizi wa Epstein aliyekuwa akizikuza chembe zile katika chupa. Wakati huo alikuwa hajapata shahada yake ya udaktari wa falsafa. Aliipata mwaka wa 1966. Mtu wa tatu katika kazi hiyo alikuwa Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, aliyekuwa bingwa wa hadubini. Nayataja haya kwa sababu vijana wetu wengi hudhani utafiti ni kazi ya maprofesa wenye mvi. Jina lililobandikwa kwenye kirusi ambacho karibu kila mtu mzima duniani anacho mwilini ni la mtu aliyekuwa bado mwanafunzi.

Hilo la kila mtu mzima kuwa nacho lisikutishe, msomaji. Kirusi hiki peke yake aghalabu hakileti kansa. Kwa mtoto wa Afrika, kinachoongeza hatari ni kupata kirusi hicho mapema na kupigwa na malaria tena na tena, mpaka kinga ya mwili ikashindwa kuzituliza chembe za damu zilizoambukizwa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005 uliwalinganisha watoto wa Kisumu, penye malaria mwaka mzima, na watoto wa Nandi kule nyanda za juu. Wa Kisumu walikutwa na kiwango kikubwa zaidi cha kirusi katika damu.

Na bado hayajajulikana yote. Huko West Nile, Uganda, damu ya watoto wapatao 42,000 ilichukuliwa miaka ya 1970, kisha wakafuatiliwa ili ionekane ni nani ataugua. Waliokuwa na dalili nyingi za kirusi katika damu ndio waliokuwa katika hatari kubwa. Huko North Mara, Tanzania, karibu na hospitali ya Shirati, watoto walipewa klorokwini kati ya mwaka wa 1977 na 1982 ili ijulikane kama kuzuia malaria kutazuia kansa. Kansa ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya dawa, kwa hiyo jibu likabaki nusu. Ndivyo utafiti ulivyo. Kati ya kazi zote za West Nile, ninayoipenda zaidi ni ya Ted Williams, yule wa safari ya Ford. Katika hospitali ya Kuluva aliandika kila mtoto aliyeletwa: kijiji, tarehe, uvimbe ulipoanzia. Kutokana na madaftari hayo ikaonekana kwamba wagonjwa walitokea kwa mafungu, katika vijiji vilivyo karibu na kwa nyakati zilizo karibu. Kalamu, daftari na subira.

Matibabu nayo yalianzia hapa. Peter Clifford, daktari wa masikio, pua na koo mjini Nairobi, pamoja na Burkitt kule Kampala, waliwatibu watoto kwa sindano za dawa kama saiklofosfamaidi katika miaka ya 1960, wakati hakukuwa na mashine za mionzi huku. Uvimbe mwingine uliyeyuka kwa siku chache. Mwaka wa 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago, ambacho ndicho sasa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Mkurugenzi wake wa kwanza, Mmarekani John Ziegler, alikuwa hajatimiza miaka 30. Alipoondoka mwaka wa 1972, Mganda Charles Olweny alishika usukani.

TUNACHOPOTEZA NJIANI

Sasa tutoke kwenye historia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata kansa kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi maskini, hawafiki 30. Mwaka wa 2018 shirika hilo liliweka shabaha kwamba angalau watoto 60 katika kila 100 wapone ifikapo mwaka wa 2030. Dawa nyingi zinazotumika ni zile zile za zamani. Tofauti kubwa iko kwenye kuchelewa na kwenye kukatiza matibabu.

Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret ilichunguza mafaili ya watoto wake wa kansa wa mwaka wa 2007 hadi 2009. Zaidi ya nusu walikuwa wameacha matibabu kabla hayajaisha. Wale ambao wazazi wao walikuwa na bima ya afya walidumu zaidi. Hakuna kemikali mpya iliyogunduliwa katika utafiti huo. Ni mafaili yaliyosomwa na hesabu iliyopigwa. Lakini baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika kwamba watoto hufa kwa sababu tu ugonjwa ni mkali.

Mfano mwingine ni kansa ya jicho, retinoblastoma. Watafiti walipitia hospitali za Kenya wakihesabu wagonjwa wa mwaka wa 2006 hadi 2009, wakapata kwamba huwapata karibu mtoto 1 katika kila 17,000 wanaozaliwa. Walipouliza muda uliopita tangu dalili ya kwanza kuonekana hadi ugonjwa kujulikana, jibu lilikuwa zaidi ya miezi 6 kwa wastani. Dalili yenyewe aghalabu ni weupe katika mboni ya jicho, unaong'aa kama jicho la paka ukipigwa na mwanga, na mara nyingi mama ndiye huuona kwanza. Miezi 6 inatosha kansa hiyo kutoka ndani ya jicho hadi kwenye ubongo.

Nitoe mfano wa hapa petu, bila ya majina. Mama mmoja kutoka upande wa Kasigau aliniletea mtoto wa miaka 6 aliyevimba taya. Meno yalikuwa yamelegea, na mahali fulani alikopitia kwanza aling'olewa mawili, akapewa dawa za vijidudu akarudishwa nyumbani. Uvimbe ukaendelea. Nilipomwona nilimwandikia barua ya kwenda mbele siku ile ile. Hesabu safari yake: kutoka kijijini hadi Maungu kwa gari lisilo na ratiba, Maungu hadi Voi, Voi hadi Mombasa, na baadaye Nairobi kwa uchunguzi zaidi, na kila mara kuna nauli ya watu wawili, chakula, na watoto wengine walioachwa na jirani. Alipata duru mbili za dawa, taya likapungua sana. Baba akasema mtoto amepona. Mbuzi walikuwa wamekwisha. Hawakurudi kwa duru ya tatu. Nilipopata habari zake tena, zilikuwa za msiba.

Mtoto huyo ameandikwa wapi? Katika hospitali ya kwanza ameandikwa kama mgonjwa wa meno. Kwangu ni barua ya rufaa. Mjini Mombasa ni faili. Kijijini ni kaburi. Hakuna ukurasa mmoja ambamo safari yake yote inaonekana, na kwa hiyo hakuna anayejua kama kwa kila mtoto kama yeye wapo wengine wawili au kumi. Nairobi na Eldoret zina sajili za kansa tangu karibu mwanzo wa karne hii, na ya Kampala ilianza miaka ya 1950. Lakini sajili huwaandika waliofika. Swali langu ni la wasiofika.

KAZI YA WIKI NANE

Hapa ndipo mwanafunzi anapofaa. Likizo ya joto hatuna. Mwezi Julai Voi ni baridi kwa vipimo vyetu. Tuna kitu kirefu zaidi. Anayefanya mtihani wa kidato cha nne hukaa nyumbani kuanzia mwisho wa Novemba hadi chuo kikuu kimwite, na mara nyingi hiyo ni zaidi ya nusu mwaka. Wavulana huenda kuendesha bodaboda, wasichana huuza duka la shangazi. Wale walioko vyuoni nao hurudi nyumbani kwa miezi.

Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi, kilichoanza mwaka wa 1989, kililiona pengo hili zamani. Kimekuwa kikiwachukua vijana waliofanya vyema katika shule za Kilifi, baada ya mtihani wa kidato cha nne, wafanye kazi na watafiti kwa miezi kadhaa kabla ya kwenda chuo. Kijana hujifunza jinsi sampuli inavyobebwa, jinsi mzazi anavyoombwa idhini, na kwa nini takwimu zisizo safi ni bure. Sijui sababu inayoweza kuizuia kaunti yetu kuuiga mpango huo.

Kijana wa Kasigau anaweza kufanya nini kwa wiki 8? Asiguse sindano wala asitoe ushauri wa matibabu. Lakini chini ya daktari anayewajibika anaweza kukaa na madaftari ya hospitali ya Voi akatafuta watoto waliopewa rufaa kwa uvimbe wa taya, wa tumbo, wa shingo, au kwa weupe wa jicho, akanakili tarehe nne: siku dalili ilipoonekana, siku ya kituo cha kwanza, siku ya rufaa, siku ya matibabu kuanza. Anaweza kukokotoa nauli halisi ya mama wa Makwasinyi hadi Nairobi na kurudi, mara sita. Anaweza, kwa idhini na kwa adabu, kuzitembelea familia zilizoacha matibabu akawasikiliza kwa lugha yao wenyewe. Nasema lugha yao kwa makusudi. Mtafiti wa kutoka Nairobi ataambiwa "tulikosa nauli" na atashukuru aondoke. Mtoto wa kijijini ataambiwa pia kwamba babu alikataa, au kwamba nywele zilipokatika watu walisema ni laana.

Kuna atakayesema kwamba kansa ya watoto ni adimu, na kwamba malaria na kuhara huua wengi zaidi. Ni kweli, na sipendekezi tuviache. Lakini uchunguzi wa tarehe hizo nne humfaa kila mtoto anayepewa rufaa, awe na kansa, moyo mbovu au figo. Tukijua mahali ambapo barua ya rufaa hufia, tunajua pa kuweka gari.

Hatari zake pia nizitaje. Faili la mgonjwa ni siri, na kijana wa miaka 18 aliyesoma habari za jirani yake anaweza kuzibeba hadi kisimani. Hivyo lazima afundishwe na atie sahihi kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, na majina yabadilishwe kuwa nambari. Utafiti wowote unaohusu binadamu lazima upitishwe na kamati ya maadili, na upate kibali cha tume ya taifa ya sayansi, NACOSTI. Hiyo ni kazi ya msimamizi, tena ianze miezi mingi mapema, kwa sababu likizo ya mwanafunzi haingoji mihuri. Na familia inayohojiwa isiachwe vile vile: akikutwa mtoto aliye hai aliyekatiza dawa, kwanza arudishwe hospitalini, takwimu zifuate. Tangu Oktoba 1924 hadi leo dunia imebadilika, lakini kwa mzazi badiliko la karibu zaidi ni lile la Oktoba 2024, bima ya NHIF ilipoondoka na SHA ikaingia mahali pake. Wazazi wengi niwaonao bado hawajajua wajiandikishe wapi. Mwanafunzi huyo huyo anaweza kuwaonyesha.

Na pesa? Posho ya kijana mmoja kwa wiki 8, yaani chakula, nauli na daftari, ni ndogo kuliko gharama ya semina moja ya siku mbili katika hoteli ya pwani, ambako maofisa huketi kuzungumzia vijana. Kaunti hutoa basari kila mwaka. Katika Kasigau kuna pia fedha za mradi wa kuuza hewa ya kaboni unaolinda misitu ya eneo hilo, ambazo kwa miaka mingi zimewalipia karo wanafunzi wengi wa huko. Karo ni jambo jema, sipingi. Lakini basari zetu zote zinamlipia kijana aketi darasani. Sijaona hata moja inayomlipa achunguze jambo linaloua watoto wa kwao. Kamati za basari zikitenga nafasi 4 tu kwa mwaka, mbili kwa waliomaliza kidato cha nne na mbili kwa walioko vyuoni, kwa miaka 5 tutakuwa na vijana 20 waliowahi kusoma mafaili, na daftari moja la safari za watoto ambalo sasa halipo.

Kwa anayetaka kujaribu mwaka huu bila kungoja kamati: andika barua ya ukurasa mmoja kwa msimamizi wa hospitali ya kaunti pale Voi, au kwa kituo cha utafiti kilicho karibu nawe. Taja swali moja unalotaka kulijibu, usitaje ndoto yako ya kuwa daktari, kwa maana kila mwombaji anayo. Ambatisha nakala ya matokeo, barua ya mwalimu mkuu na majina ya watu wawili wanaokufahamu. Aliye chuoni amtafute mhadhiri wa idara ya watoto kabla ya muhula kwisha, kwa sababu wakati wa likizo ofisi hufungwa na ufunguo huenda na karani.